Ndoo Mbili za Mama Mdogo

Mama mdogo huhesabu watu kwa midomo. Hatoi sauti, kwa kuwa alilelewa kuamini kwamba watu si mbuzi, hawahesabiwi kwa sauti, na anayefanya hivyo anaita balaa. Basi kabla ya kupakua chakula husimama mlangoni pa jiko, macho yakipita kichwa hadi kichwa, midomo ikicheza kidogo, kisha hurudi ndani na kugawa. Nililelewa naye Newala nilipokuwa shule ya msingi, wakati mama yangu anaugua, na nimeiona midomo hiyo kila jioni ya utoto wangu. Naanza na jambo hili kwa sababu sina kisingizio cha kutolijua.

Kwetu Wamakonde mdogo wa mama ni mama, huo udogo uko kwenye kutaja tu. Mwanawe wa kiume ni ndugu yangu, si binamu. Tulilala kitanda kimoja, tukapigwa fimbo moja, na mpira wetu wa kwanza tuliusokota pamoja kwa mifuko ya nailoni na kamba za katani. Yeye alipiga, mimi nikadaka. Baba yangu, Mmakua wa Lulindi na mwalimu wa kanisa, alipokuja kunichukua nirudi kwao, mama mdogo alinifungia chupa ya maji kwenye kitambaa. Alisema njiani kuna vumbi.

Chuo nilichokwenda baadaye kilikuwa kichanga: chuo cha afya pale Masasi, majengo matatu, bwalo moja, na uwanja tulioufyeka wenyewe kati ya mikorosho. Mwaka niliojiunga ndio mwaka timu ya mpira ilipoanza. Jezi tuliazima shule ya sekondari ya jirani, na yangu ya kipa ilikuwa fulana ya kijani ya mikono mirefu niliyoiokota mnadani. Kocha alikuwa mkufunzi wa anatomia, mtu mpole, aliyejua jina la kila msuli tulioutegua lakini hakuwahi kutuambia ukuta wa faulo unapangwaje.

Aliyetuongoza hasa ni mwenyekiti wa kamati ya ufundi. Asiyejua mpira wa kwetu atadhani kamati hiyo inashughulika na pasi na kona. Kamati ya ufundi inashughulika na uchawi: kuukwepa wa wenzenu na, mfuko ukiruhusu, kutafuta wa kwenu. Mfuko wetu haukuruhusu, kwa hiyo sisi tulikwepa tu. Mwenyekiti alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, mrefu, mwenye sauti ya mhubiri, na hakuna aliyemshinda kwenye somo la magonjwa ya kuambukiza. Asubuhi alisimama mbele ya darasa akaeleza namna ya kutibu maji ya kisima kwa klorini. Jioni alisimama mbele yetu akaeleza kwamba maji ya mwenyeji hayanywewi. Hakuona mgongano wowote kati ya asubuhi yake na jioni yake, na mimi pia sikuuona. Nani abishane na mtu anayepata alama za juu?

Mwishoni mwa kiangazi mfanyabiashara mmoja wa korosho alitoa kombe na fahali wa ng'ombe, vishindaniwe na timu za vyuo na za mitaa kutoka Masasi mpaka kule juu, kwenye uwanda wa Wamakonde. Mechi yetu ya kwanza ya makundi ikaangukia Newala, dhidi ya timu ya mtaa wa mama mdogo. Mshambuliaji wao namba tisa alikuwa ndugu yangu, ambaye siku hizo aliendesha bodaboda. Nilimpigia simu kumwambia. Alicheka, akasema, "Njoo, nikufunge mbele ya mama." Kisha simu ikachukuliwa, nikasikia sauti ya mama mdogo mwenyewe.

"Mnakuja wangapi?"

"Shikamoo mama. Sijui bado, labda gari zima."

"Marahaba. Haya, mje. Nitawaona hapo hapo."

Tulipanda kwa Fuso la korosho, tumekalia magunia matupu. Kabla ya kufika juu tairi likapasuka, tukakaa juani hadi dereva alipopata jeki, na maji tuliyobeba kwa agizo la mwenyekiti yakaisha hapo. Tulifika Newala midomo imekauka, nyusi nyekundu kwa vumbi. Hatukupita getini. Mwenyekiti alitupitisha kwenye tundu la uzio wa miti nyuma ya goli, tukaingia kinyumenyume, mmoja mmoja, kama watu wanaorudishwa mahali walikofukuzwa. Alikuwa ametukataza chumba cha kubadilishia nguo, kupeana mikono na kuokota kitu chochote. Watoto wa pale walituangalia wakacheka sana.

Mtu wa Newala hahitaji kuelezwa habari ya maji, lakini msomaji wa kwingine huenda akahitaji. Kule juu hakuna mto, mito iko chini bondeni. Kuna mabomba, na mabomba yana pampu, na pampu ina siku zake. Mwezi ule ilikuwa imekufa kwa wiki kadhaa, dumu la maji likawa linapandishwa mteremko kwa pikipiki. Kwa hiyo mwenye akili huvuna mvua: bati, mfereji, na kisima kilichosakafiwa chini ya ua, mfuniko wa chuma, na kufuli. Mama mdogo hufunga ufunguo wa kisima chake kwenye pindo la kanga. Pesa huacha juu ya meza.

Tulipokuwa tunanyoosha viungo nilimwona akija, ndoo moja kichwani mwake, nyingine kichwani mwa jirani. Nyuma yao walikuja akina mama wengine wakimtania, "Mama wa kipa! Leo mama wa kipa au mama wa namba tisa?" Aliwajibu, "Wote wangu, nyamazeni." Aliweka ndoo kivulini karibu na benchi letu, akafungua mfuniko wa moja, akaweka kikombe juu ya mwingine. Kisha alisimama wima, akatutazama, macho yakapita kichwa hadi kichwa, na midomo yake ikaanza kucheza.

Mwenyekiti alinishika mkono. "Unaona? Anayasomea maji."

Nilijua anahesabu. Hili nataka lieleweke vizuri, maana ndilo linaloniuma: nilijua. Sikuwa mgeni wa midomo ile. Nilipaswa kusema maneno machache tu, huyu ni mama yangu, anaangalia kama maji yatatosha. Lakini mwenyekiti aliongeza, kwa sauti ya chini, "Si mama wa namba tisa yule? Atake ushinde wewe, au mwanawe wa kumzaa?" Na mimi, niliyekula mkononi mwake, nikamtazama mama mdogo nikajiuliza swali lile lile. Nikamshuku. Ilikuwa kwa muda wa kumeza mate, na hata mate yenyewe sikuwa nayo, lakini nilimshuku. Kabla sijamaliza kumshuku, mwenyekiti na mabeki wawili walikuwa wameshainamisha ndoo.

Hatukuyamwaga pembeni kwa siri. Kanuni ilikuwa yamwagwe mbele ya aliyeyaleta, ili kitu kimrudie mwenyewe. Ndoo ya kwanza ikaenda, kisha ya pili. Mchanga wa Newala hauna adabu, uliyanywa yote palepale ukabaki na doa tu. Mmoja wa akina mama waliokuwa wanatania akashika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyeona mtoto akianguka. Mama mdogo alizichukua ndoo, akaingiza moja ndani ya nyingine, kikombe ndani, akaenda kukaa na wenzake kutazama mpira.

Tulishinda bao moja kwa bila. Naona aibu hata kuandika kwamba nilicheza vizuri. Nilidaka kila kilichokuja, pamoja na kichwa cha ndugu yangu cha dakika za mwisho, mpira uliokuwa unaelekea kona ya juu, nikaurukia nikiwa na kiu kiasi kwamba ulimi ulishikamana na meno. Filimbi ilipolia wenzangu walinibeba. Mwenyekiti alizunguka akigonga kila mmoja begani na kusema, "Mnaona? Mnaona?"

Nilimwamkia mama mdogo nikiwa juu ya Fuso. Kushuka kumpa mkono kulikatazwa mpaka tutoke kwenye kata ile, na mimi nilitii, mtu mzima na ndevu zangu. Nilipaza sauti, "Shikamoo mama!" Aliinua uso, ndoo zake mkononi. "Marahaba mwanangu, mfike salama." Gari likaondoka, na watoto wakakimbia nyuma yetu wakiimba, "Wamwaga maji! Wamwaga maji!"

Jina likatuganda. Nadhani makondakta ndio waliolisambaza, kwa sababu tulipofika Tandahimba lilikuwa limeshatutangulia, na uwanja mzima ulituamkia kwalo. Wenzangu walilipenda, wakataka hata kuliandika kwenye jezi za kuazima. Kule Tandahimba tulimwaga ndoo ya maji tukashinda. Chiwata walimu wa shule walituletea juisi ya mabibo, matunda ya mkorosho, ndani ya beseni, tukaimwaga nayo, nzi wakacheza mechi nzima nyuma ya goli langu, na tukashinda. Kila ushindi uliwapa ushahidi. Kocha alijaribu siku moja kusema kwamba tunashinda kwa kuwa safu ya ulinzi imetulia, akasikilizwa kwa heshima kama mtu anayeongea habari za nchi nyingine. Mimi nilimwaga pamoja nao. Nilikuwa nimeshamwaga maji ya mama yangu, ya wengine ningeyaacha kwa haki gani? Ndivyo nilivyojidanganya, na uongo wa kujidanganya huwa mtamu mwanzoni.

Katika miezi hiyo sikumpigia simu mama mdogo. Nilimtumia salamu kupitia ndugu yangu, na ndugu yangu alijibu kwa vicheko, maana upande wa baba yangu mimi ni Mmakua na kwa Wamakonde ni mtani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunitukana atakavyo. "Nyie Wamakua mnaogopa mpaka maji, moto mtauweza?" Nilicheka naye. Usiku ule sikula.

Fainali ilichezwa Masasi, mvua zikiwa zimeshaanza, majabali ya mji yameloa na kung'aa. Fahali alifungwa pembeni mwa uwanja, akila majani bila habari na mtu. Newala, walioshika nafasi ya pili kwenye kundi letu, walikuwa wamepanda ngazi kwa upande wao, ikawa sisi na wao tena. Ndugu yangu alishuka kwenye gari lao akiwa na dumu la njano, lita ishirini, mdomo umezibwa kwa nailoni na kukazwa. Hakulipeleka kwenye benchi lao, alilileta kwetu na kulitua miguuni pangu.

"Mama ameyatuma," alisema. Nilingoja utani, haukuja. "Anasema mmsamehe. Yale ya siku ile yalikuwa ya chini kabisa, ya kwenye sakafu ya kisima, yana tope. Anasema alijua ninyi ni watu wa afya, mmesomea maji, akaona aibu mbele za watu lakini hakuwa na mengine. Haya ni ya mvua mpya. Ameyachuja kwa kanga. Anasema alihesabu siku ile, yatawatosha wote."

Sijawahi kupigwa na mtu hivyo. Kumbe miezi yote ile, sisi tunashangilia, yeye alikuwa amekaa na aibu ambayo ni yetu, ameichukua akaiweka kwake kama mtu anayeokota nguo ya mwingine njiani. Alikuwa amechota tone la mwisho la nyumba yake, tukalimwaga, na yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Nilifungua ile nailoni. Mwenyekiti aliruka, "Ukinywa hudaki! Nakwambia hudaki!" Nikamwambia ni maji ya mama yangu. Akasema, "Ni ya mama wa namba tisa." Nilijaza kifuniko cha chupa ya chai ya kocha, nikanywa mbele yao wote, nikajaza tena nikanywa. Nikawapa wengine. Kocha alinyoosha mkono, akatazama wachezaji, akaurudisha mkono mfukoni. Hakunywa mtu. Nilijiona shujaa, nasema kweli. Nilidhani deni la mtu kama yule linalipwa kwa vifuniko viwili vya maji.

Kipindi cha pili mvua ikashuka. Mpira ulikuwa mzito na unateleza, glavu zangu zimekwisha viganja. Ndugu yangu alipiga shuti la kawaida, la katikati, ambalo siku ya jua ningelikamata huku naongea na mtu. Liligonga mikono yangu, likapita chini ya kwapa, likaingia taratibu. Hakushangilia sana. Tulifungwa bao moja, na fahali akapandishwa gari la Newala.

Wenzangu hawakunipiga. Ingekuwa nafuu. Walikaa kwenye tope, mwenyekiti akasema kwa huzuni ya kweli, "Maji yamefanya kazi."

"Mpira ulikuwa umelowa," nilisema.

"Umelowa kwa maji gani?"

Watu wakatikisa vichwa. Nikaeleza. Nilieleza kila kitu, kuhesabu kwa midomo, kisima, kufuli, tope, mvua mpya. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunionea huruma, maana mtu aliyefungwa kwa dawa humtetea aliyemfunga, hilo nalo mwenyekiti alilijua. Siku ya Newala ningesema neno moja wangesikia. Siku ile nilisema mia, yakapita. Maji yakimwagika hayazoleki, tunasema, halafu tunaendelea kumwaga.

Siku hizi timu ya chuo ina jezi zake na uwanja wenye nyasi, na wanafunzi wapya wanapoingia husimuliwa habari ya bibi wa Newala aliyemaliza fainali kwa dumu moja. Nimewasikia mwenyewe, nilipopita pale kuchukua cheti. Nilimzuia msimulizi nikamwambia yule ni mama yangu. Akaniomba radhi, akaniogopa.

Dumu nililibeba bwenini siku ile ile ya fainali. Nililiweka chini ya kitanda nikawa nakunywa peke yangu, asubuhi na jioni, na rafiki zangu wakihamisha vikombe vyao mbali na changu. Yalikuwa maji matamu, yana harufu kidogo ya bati. Niliyanywa mpaka yakaisha.

Likizo ilipofika nilipanda Newala. Ua ulikuwa kijani, mfereji wa bati unadondoka, kisima kimejaa. Mama mdogo alinipokea begi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yale maji yalifika?"

"Yalifika."

"Yalikuwa safi? Nilichuja mara mbili."

"Yalikuwa safi sana."

"Yaliwatosha wote?"

Ndugu yangu alikuwa anafuta pikipiki yake mlangoni. Aliacha kufuta. Anajua kwamba hakunywa mtu, alikuwepo. Nilikuwa nimepanga njia nzima kumwambia mama mdogo ukweli, kwamba maji yake hayakuwa na kosa, kwamba kosa lilikuwa kwetu, kwangu. Lakini ukweli huo una upande wa pili, na upande wa pili ni kumwambia mama aliyenilea kwamba tulimdhania mchawi, na kwamba mimi nilikuwemo. Ningejitua mzigo nikamtwika yeye. Nikasema, "Hayakubaki hata tone."

"Basi," alisema, na uso wake ukafunguka.

Nimelifikiria sana jibu lake lile. Mtu aliyezeekea Newala, mwenye mtoto mchezaji, hawezi kuwa hajui kwa nini timu humwaga maji ya wenyeji. Watoto wa mtaani kwake wanajua. Labda alijua tangu ndoo ya kwanza ilipoinamishwa, akanitazama nimesimama pale kimya, akatafuta sababu nyingine ambayo angeweza kuishi nayo. Akachagua tope. Tope huchujwa kwa kanga. Hilo la pili, la uchawi, halichujwi na chochote.

Jioni alisimama mlangoni pa jiko. Tulikuwa watatu tu, hesabu ambayo hata kipofu angeimaliza, lakini alitutazama, midomo ikacheza, akarudi ndani akapakua. Kisha alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akaenda kufungua kisima, akaniletea kikombe cha maji kabla ya chakula. Nilikipokea kwa mikono miwili nikanywa chote huku ananitazama. Akauliza kama aongeze. Nikasema aongeze, na kiu sikuwa nayo.